Jikoni, kitabuni, kwa kadi au skuli: uanze na njia ipi kumpa maneno mtoto aliyechelewa kusema?

Ulikuwa msimu wa karafuu. Tumekaa ukumbini, majamvi yamejaa, kila mtu anachambua huku anazungumza, na mwanangu wa tatu ananinyooshea konyo aliloliokota na kusema, "Ee." Alikuwa na miaka 2 na miezi 3. Maji yalikuwa "ee", mlango "ee", kuku "ee". Usiku ule nilichukua daftari nikaandika maneno yote niliyopata kumsikia akiyatamka kwa maana yake. Yalifika 11, na hapo nimehesabu na "nyau".

Mimi ni mwalimu wa maandalizi, yaani wa watoto ambao hawajaanza darasa la kwanza, hapa Wete, Pemba. Nimefundisha watoto wa wenzangu miaka mingi, lakini kwa lile daftari nilikaa nikalia. Asubuhi yake ushauri ukaanza kumiminika. Mama mkwe akasema nimwache, mbona baba yake naye alichelewa. Shoga yangu akaniambia nimuwekee katuni za Kiswahili kwenye simu. Wifi yangu akaniletea kutoka Unguja pakiti ya kadi za picha. Walimu wenzangu wakasema mlete tu darasani, atasema akiona wenzake wanasema. Kila mmoja alinitakia mema, na kila mmoja alinielekeza njia yake.

Tangu hapo nimezijaribu karibu zote, kwa mwanangu na kwa watoto wengine waliopita mikononi mwangu, na nimesoma walichokiandika watafiti wa kazi hii. Naziweka hapa ubavu kwa ubavu kwa ajili ya mzazi aliyekaa na daftari lake kama nilivyokaa mimi.

Kwanza masikio, na damu

Njia yoyote utakayoichagua haifai kitu kama mtoto hasikii vizuri. Mtoto anayetoka usaha sikioni mara kwa mara husikia maneno kama mtu aliyezama kichwa majini. Na kugeuka mlango ukibamizwa hakuthibitishi kitu, kwa sababu kishindo cha mlango ni kikubwa na ardhi yenyewe hutikisika. Kusikia kishindo si kusikia tofauti ya "fua" na "vua". Mpeleke akapimwe kwa vifaa.

Kipimo cha kuanzia kinachotumiwa na wengi ni cha Leslie Rescorla wa Marekani, aliyekitoa mwaka 1989: mtoto wa miezi 24 mwenye maneno chini ya 50, au asiyeunganisha maneno mawili kama "mama njoo", afuatiliwe. Kwetu kihesabiwe kwa akili ya Kiswahili. "Sitaki" ni neno moja kwenye maandishi, lakini ndani yake mna mimi, mna kukataa na mna kutaka. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walitengeneza orodha ya maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, wakawauliza akina mama kwa mdomo, hata wale wasiojua kusoma. Kwa hivyo mama mwenye daftari, au mwenye kumbukumbu nzuri tu, tayari ana kipimo.

Usingoje hata wiki kama mtoto amepoteza maneno aliyokuwa nayo, kama haelewi "lete kiatu" asipoonyeshwa kwa mkono, kama hageuki akiitwa jina, au kama amepita mwaka mmoja na nusu na hanyooshi kidole kukuonyesha kitu. Huyo aonwe na daktari sasa hivi. Dua na kombe havizuii kumpeleka hospitali. Sisi tulifanya yote. Ila usikubali kimeo chake kikatwe. Kimeo hakifungi maneno, na kidonda cha koo kwa mtoto mdogo kinaweza kumuua.

Nasema damu kwa sababu ya utafiti uliofanyika hapahapa Pemba, uliochapishwa mwaka 2001. Watoto wadogo waliopewa madini ya chuma kila siku kwa mwaka mzima walipanda kidogo zaidi katika lugha kuliko wenzao, na waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu wakapanda katika kutembea pia. Lakini utafiti mwingine mkubwa wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2006 wakati malaria ilikuwa nyingi kisiwani, ulionyesha kwamba kuwapa watoto chuma pamoja na asidi ya foliki bila kuwapima kwanza kuliongeza ugonjwa mkali na vifo. Yote mawili yashikwe pamoja: mpime damu, na dawa iandikwe na mwenye kujua. Usinunue chupa dukani kwa kubahatisha.

Kuhusu kungoja, maneno ya mama mkwe yana ukweli wake. Watoto wengi wanaochelewa wakiwa na miaka 2 huwafikia wenzao bila kufanyiwa kitu. Tabu ni kwamba katika umri huo hakuna awezaye kukuambia kwa hakika wako ni wa kundi lipi. Na kwa kuwa njia ninayoipendekeza haina gharama, sioni faida ya kungoja bure.

Neno moja, njia nne

Ili tulinganishe kwa haki, tuchukue neno moja tulipitishe kote. Nimelichagua "funika", kwa sababu hakuna siku ambayo halitumiki nyumbani.

Kadi za picha. Una kadi ya sufuria yenye mfuniko. Unamwonyesha, unamuuliza, "Hii nini?" Anakutazama. "Sema su-fu-ri-a." Anatazama pembeni. Umeliona tatizo: tulitaka "funika", tumepata "sufuria". Kadi hupenda majina ya vitu, kwa sababu kitu hukaa kimya kikachorwa, na kitendo hakikai. Na kwa Kiswahili mtoto asiye na vitendo hana sentensi. Majina mia mezani hayamwezeshi kusema "fungua", "nipe", "imeanguka". La pili, kadi humuuliza swali mtoto ambaye tabu yake ni kwamba hana jibu. Anafundishwa kila siku kwamba kuzungumza na mama ni mtihani. La tatu, pakiti niliyoletewa ilikuwa na treni, tufaha na theluji. Mwanangu hajaona treni, na Pemba haipiti treni.

Niliitumia wiki 3. Alijifunza kuzipanga na kuzigeuza, akaliita simba "nyau". Siitupi njia hii moja kwa moja. Kwa mtoto wa miaka 4 au 5 anayesema lakini anakosa majina, na kwa mtaalamu anayejua kuichezesha, kadi hufaa, na huonyesha wazi neno lipi limeshika na lipi bado. Kwa mtoto wa miaka 2 mwenye maneno 11 isiwe ya kwanza.

Jikoni, na popote ulipo naye. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo mwanangu alipopatia maneno.

Unachagua maneno machache, tuseme 5 mpaka 10, na kila siku unayasema mara nyingi sana kwenye shughuli zenu za kawaida, bila kumtaka mtoto ayarudie. Wali umeiva: "Nafunika wali. Kawa hili hapa. Funika! Ah, nzi huyo, tufunike, tufunike. Haya, tumefunika." Jioni mnacheza na kanga: "Mama amejifunika. Yuko wapi? Mfunike mtoto. Funika miguu." Mnakwenda pwani, mnachimba mchanga: "Kaa ameingia. Tulifunike shimo. Funika." Hujauliza swali hata moja la mtihani. Neno limeingia masikioni mwake mara thelathini au arubaini, kila mara na jambo lake mbele ya macho.

Kule kubadilisha mahali ndiko kunakofungua maana. Mtoto aliyesikia "funika" kwenye sufuria peke yake ataamini kwamba funika ni sufuria. Akilisikia kwenye kawa, kwenye kanga, kwenye mchanga na kwenye pipa la maji, anatambua kinachofanana kote. Mfikirie mtoto wa kwetu na neno "mbuzi": yupo mbuzi wa kufugwa, na ipo mbuzi ya kukunia nazi. Kuyaona yote mawili kwa macho yake ndiko kutakakomtenganishia.

Kipimo cha mara ngapi kimetafitiwa. Mary Alt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, waliwafanyia kazi watoto wa miaka 2 waliochelewa kusema. Baadhi walipewa maneno 3, kila moja mara 90 kwa kikao, na wengine maneno 6, kila moja mara 45. Watoto hawakulazimishwa kutamka. Walijifunza kwa mipango yote miwili, na tofauti kati yake haikuonekana. Kwangu mimi mafunzo ni mawili: maneno yawe machache, na marudio yawe mengi kuliko tunavyodhani. Sisi wazazi tukisema neno mara 5 tunaona tumesema.

Na mzazi anaweza kuifanya kazi hii. Luigi Girolametto na wenzake huko Toronto, Kanada, waliwachukua akina mama 25 wenye watoto waliochelewa, mwaka 1996, wakawafundisha baadhi yao njia ya aina hii. Akina mama waliofundishwa walipunguza kasi ya kusema na wakafupisha sentensi, na watoto wao wakatumia maneno mengi zaidi. Mwaka 2011 Megan Roberts na Ann Kaiser wakakusanya tafiti 18 za kazi inayofanywa na wazazi wenyewe, wakaona kwamba inasaidia lugha ya watoto.

Kuchagua maneno kuna mambo yake. Anza na anachokitaka mtoto, si unachokitaka wewe. Tia vitendo: fungua, mimina, lete, ruka. Tia maneno madogo yenye nguvu: basi, tena, bado, nipe, hapa. Chukua yale yanayoanza na sauti ambazo tayari anazo. Mwanangu alikuwa na "b" na "m", kwa hivyo "beba" na "mimina" vilitangulia. Sentensi iwe fupi lakini kamili. "Kijiko kimeanguka", si "kijiko anguka". Ile "ki" inayojirudia kwenye jina na kwenye kitendo ndiyo uti wa lugha yetu, na mtoto anahitaji kuisikia tangu mwanzo. Neno lako liweke mwishoni mwa sentensi, kisha nyamaza. Mtazame usoni, hesabu mpaka 5 kimoyomoyo. Akisema "fu", hilo ni neno: "Eeh, funika!" Usimrudishe aseme vizuri.

Ugumu upo. Mama amechoka, na ndugu wakubwa wanamsemea mdogo wao kabla hajafungua mdomo. Kubwa kuliko yote ni mazoea yetu. Nilijirikodi kwa simu siku moja wakati wa chakula cha jioni. Nilichokisikia ni "kaa, wacha, lete, usimwage, nyamaza". Namwamrisha mwanangu kutwa, sizungumzi naye. Wiki nzima ilipita kabla sijaweza kumweleza anachokifanya badala ya kumkataza. Na wageni wakija tukamwambia mbele yao, "Mwamkie babu, sema!", tunamfungia hata yale aliyonayo. Mwacheni aamkie kwa mkono kwanza.

Kitabu cha kuzungumza. Sisemi kumsomea mtoto naye akasikiliza. Ni kitabu kinachomfanya yeye awe msemaji: unauliza swali lililo wazi, unapokea anachosema, unaongeza neno moja juu yake. "Paka." "Eeh, paka amejificha." Grover Whitehurst wa Marekani aliijaribu mwaka 1988 kwa watoto wa miezi 21 mpaka 35 majumbani kwao, kwa mwezi mmoja tu, na waliosomewa hivyo wakawapita wenzao kwa usemi. Hao hawakuwa watoto waliochelewa, na jambo hilo lisisahauliwe. Ulionigusa zaidi ni utafiti wa vijijini Bangladesh, mahali ambapo vitabu ni vichache kama kwetu. Watoto wa maandalizi waliosomewa kwa njia hii wiki 4 walitoka kujua asilimia 26 ya maneno yaliyopimwa mpaka asilimia 54.

Ukikiweka kitabu ubavuni mwa jiko, utaona kila kimoja kinatoa kisichotolewa na mwenzake. Kitabu kitasema "funika" mara mbili, jikoni utalisema mara arubaini. Lakini jikoni hakuna tembo, wala mlima, wala "ghafla", "akaogopa", "wakapatana". Kwa hivyo kitabu ni cha mtoto aliyekwisha kupata maneno ya nyumbani na anayeweza kukaa japo dakika 5, kwa kawaida kuanzia miaka 3. Kama huna kitabu, piga picha kwa simu: bibi akikuna nazi, boti bandarini Mkoani, yeye mwenyewe akioga. Zichapishe, zigundishe kwenye daftari. Kitabu cha mwanangu cha kwanza kilikuwa hicho, na mpaka leo hakipendi kingine kama hicho. Na hadithi ya "Paukwa!" ifanywe vivyo hivyo, "Pakawa!" ni jibu ambalo hata mtoto mwenye maneno machache anaweza kulitoa pamoja na wenzake bila haya.

Skuli. Zanzibar ina bahati hapa. Sera ya elimu ya 2006 iliiingiza maandalizi katika elimu ya msingi, na kabla na baada ya hapo tumekuwa na skuli za maandalizi za madrasa na vituo vya Tucheze Tujifunze, ambako vipindi vya redio huwaongoza watoto kwa nyimbo na michezo. Mtoto hupata wenzake, utaratibu, na sababu ya kusema: asiposema, mpira hapewi.

Lakini nitasema kama mwalimu niliye ndani. Darasani kwangu watoto wakizidi arubaini, siwezi kumpa mmoja neno moja mara arubaini. Aliyechelewa hujifunza haraka namna ya kupita bila kusema: anafuata mstari, anapiga makofi wengine wakipiga, anaimba sauti bila maneno, na mwalimu anamwona mtulivu. Mtulivu huyo ndiye wa kumwangalia. Skuli ni nyongeza nzuri kwa mtoto wa miaka 4. Si badala ya nyumbani. Mwandikie mwalimu maneno yenu ya wiki kwenye kikaratasi. Akipewa maneno 5, atayatia kwenye wimbo na mchezo. Hili nalifanya na wazazi wangu, na haligharimu kitu.

Chuoni nako, nasema chuo cha Kurani, mtoto apelekwe wakati wake ukifika. Hupata kumbukumbu, sauti na adabu ya kusikiliza. Ila kuhifadhi aya za Kiarabu na kupata maneno ya kuombea maji ni kazi mbili, na kila moja ina saa yake.

Simu naipita haraka. Katuni haimngoji mtoto ajibu, wala haijui kwamba anatazama kuku. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo cha simu au televisheni, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku. Ukitaka kuitumia, pigeni simu ya video kwa shangazi yake aliyeko Muscat, ambaye atamjibu.

Ukizipanga zote

Kwa fedha, jikoni ni bure, daftari la picha ni bei ya kuchapisha, kadi zinauzwa, na skuli ina sare na nauli. Kwa muda, jikoni hakukuongezei saa, kunabadilisha namna unavyosema katika saa ulizonazo. Kitabu kinataka dakika 10 za utulivu. Kwa aina ya maneno, jikoni hutoa vitendo na maneno ya kuombea, kitabu hutoa maneno mapya ya mbali, kadi hutoa majina, skuli hutoa maneno ya kushirikiana. Kwa hatari, kadi na maswali yake humnyamazisha mtoto mwenye haya kuliko nyingine yoyote.

Kwa hivyo, mtoto wa miaka 2 mpaka 3 mwenye maneno machache na anayeelewa anachoambiwa: jikoni peke yake, maneno 5 mpaka 10, kila siku. Wa miaka 3 aliyeanza kuunganisha: jikoni pamoja na kitabu. Wa miaka 4 na zaidi: jikoni, kitabu na skuli, na kadi kidogo ukipenda. Asiyeelewa unachomwambia, usichague peke yako. Huyo anahitaji mtaalamu wa kukuongoza, hata kama ni kupanda boti mpaka Unguja.

Wako wanaoniuliza lugha ipi itumike, kwa kuwa mama ni wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, baba ni Mpemba, na skuli wanataka Kiswahili sanifu. Tumia ile unayoizungumza bila kufikiri. Lugha mbili au lahaja mbili hazimcheleweshi mtoto. Mama anayehangaika kuzungumza Kiswahili cha redio husema maneno machache, na mtoto huyu hana nafasi ya kupewa machache.

Mwanangu alisema "funika" siku ya kumi na saba tangu tuanze njia ya jikoni. Lilitoka "unika", amesimama na kawa kubwa kuliko kichwa chake, anaangalia kama nimemsikia. Nililiandika pamoja na tarehe, na ningependa na wewe uandike hivyo: neno, tarehe, na mahali alipolisema. Kila mwisho wa mwezi hesabu mapya. Yakiongezeka, badilisha maneno yaliyoshika, weka mengine. Miezi 3 ikipita na ukurasa haujaongezeka, usibadilishe njia kwa kubahatisha. Chukua daftari hilohilo, lipeleke kwa daktari, umfungulie ukurasa wa kwanza na wa mwisho.